Jani la sale, panga la saa tatu usiku na Zaburi ya 109

“Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mume wangu alifariki miaka miwili iliyopita, akaniacha na watoto watatu. Tunaishi Kilimanjaro, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, alichopewa na baba yake. Tulipomaliza arobaini tu, shemeji yangu aling’oa masale ya mpaka upande wa chini akayapanda upya ndani ya migomba yangu, hatua kama kumi na tano. Anasema nirudi kwetu, na anatangaza kuwa nilimuua kaka yake kwa uchawi. Mwezi uliopita alikuja saa tatu usiku na panga, akagonga dirisha, akasema mwaka huu hautaisha nikiwa hapa. Kikundi chetu cha maombi kinaniambia nifunge siku 21 na kunyamaza, kwa sababu imeandikwa Bwana atawapigania, na kwamba Mkristo hashtaki. Nimefunga. Kila usiku nasoma Zaburi ya 109 nikitaja jina lake, halafu naogopa kuwa nimetenda dhambi, maana Yesu alisema tuwaombee adui zetu. Juma lililopita akamtuma mzee wa ukoo na jani la sale kuomba msamaha, lakini masale ya mpaka bado yapo pale pale alipoyahamishia. Nikilikataa jani nitaonekana si Mkristo, na si mke wa Kichaga. Nikilipokea, nimekubali mpaka mpya? Je, Mungu ananiokoa au ananijaribu?”

Asifiwe milele, dada yangu. Pole kwa msiba, na pole kwa miaka miwili ya kulala sikio moja likiwa dirishani.

Kabla sijafungua Biblia, tuzungumze kuhusu lile panga. Mtu aliyesimama nje ya dirisha lako usiku na silaha, akakupangia muda wa kuondoka, ametenda jinai. Jambo hilo limeshavuka kikao cha ukoo na limeshavuka kikundi cha maombi. Kesho asubuhi nenda kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, eleza alichosema kwa maneno yake mwenyewe, tarehe, saa, na nani mwingine alisikia. Usijali kwamba mwezi umepita. Usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Ukirudi, pita kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mtendaji wa kijiji, uwaachie taarifa hiyo hiyo. Habari ya uchawi nayo usiifiche kwa aibu, kwa sababu katika nchi yetu, hasa Kanda ya Ziwa, maneno ya namna hiyo yamewatoa uhai wanawake wengi wasio na hatia. Na kuanzia leo wewe na watoto msilale peke yenu. Akirudi, piga 112. Mengine yote nitakayokuandikia yanaweza kungoja hadi ukipata nafasi ya kuyasoma. Hili haliwezi.

Sasa nije kwenye swali lako. Umeniletea maswali matatu yaliyofungwa kwenye kanga moja: kama kutafuta haki ni kukosa imani, kama hasira yako mbele za Mungu ni dhambi, na kama kusamehe ni kuuachia mpaka. Nitayafungua moja moja, maana yakibaki yamefungwa pamoja kila moja linazidi kuwa zito kwa sababu ya jingine.

Nianze na ule mstari uliopewa. “BWANA atawapigania ninyi, nanyi mtanyamaza kimya.” Ni Kutoka 14:14, na ni neno la kweli. Lakini kila ninapousikia ukitolewa kwa mjane, huishia hapo, kana kwamba sura ilikatika. Ungali unakumbuka hali ya wana wa Israeli. Mbele yao bahari, nyuma yao magari 600 mateule ya Farao, na wenyewe wameanza kumpigia Musa kelele kwamba heri wangebaki kuwatumikia Wamisri. Kelele hizo za kutaka kurudi utumwani ndizo Musa anazozinyamazisha. Halafu soma mstari wa 15: “BWANA akamwambia Musa, Mbona unanililia mimi? Waambie wana wa Israeli waendelee mbele.” Amri ya kutembea inatoka katika mstari wa 15, na maji yanakuja kugawanyika mstari wa 21. Hawakuambiwa waipasue bahari, wala hawakuruhusiwa kukaa pale ufukweni.

Nakueleza hili kwa uchungu, kwa sababu nilipokuwa mchungaji kijana nilimpa mama mmoja mstari huo huo, nikaukata pale pale. Alikuja ofisini na kitambaa kilichofungwa stakabadhi za marehemu mumewe, alitaka kujua aanzie wapi. Nikamwambia anyamaze, Bwana atampigania. Alikuwa mtii. Miaka michache baadaye nilimkuta amepanga chumba kimoja nyuma ya soko, anauza nyanya kwa mafungu, na kitambaa kile bado anacho. Hakunilaumu. Alinikaribisha chai. Tangu siku hiyo sijamwambia mtu yeyote anyamaze kabla sijajua nani anafaidika na kunyamaza kwake.

Kumtumaini Mungu katika Biblia mara nyingi kuna miguu. Nehemia anajenga ukuta huku adui wanapanga kumshambulia, naye anaandika: “Lakini tulimwomba Mungu wetu, tukaweka walinzi.” Maombi na walinzi viko kwenye sentensi moja. Lakini mfano ninaoupenda zaidi kwa ajili yako uko Matendo 23, na nakuomba uusome wote leo.

Paulo yuko ndani ya ngome ya Warumi pale Yerusalemu. Usiku, Bwana anasimama karibu naye na kumwambia awe na moyo mkuu, kwamba kama alivyomshuhudia Yerusalemu ndivyo itakavyompasa kumshuhudia Rumi. Ahadi ya wazi kabisa: hutafia hapa, utafika Rumi. Kulipokucha, watu zaidi ya 40 wakajifunga kwa kiapo wasile wala kunywa hadi wamuue. Mtoto wa dada yake akasikia, akaingia ngomeni, akamwambia mjomba wake.

Paulo angeweza kusema, mwanangu nenda nyumbani, Bwana ameniahidi tangu jana usiku. Wala asingekuwa amesema uongo. Badala yake alimwita akida mmoja, akamwambia ampeleke kijana huyu kwa jemadari, ana neno la kumwarifu. Jemadari akamshika kijana mkono, akajitenga naye kando, akamsikiliza, akaagiza askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200 wawe tayari kwenda Kaisaria saa ya tatu ya usiku. Niliposoma barua yako na kuona saa tatu usiku, niliuweka mkono wangu kwenye ukurasa huo. Saa ile ile aliyokuja mtu na panga dirishani kwako ndiyo saa ambayo Mungu alimtoa mtumishi wake mjini, na alimtoa kwa mikono ya askari 470 wa dola ya kipagani, baada ya taarifa iliyopelekwa na mtoto wa ndugu. Luka haandiki popote kwamba imani ya Paulo ilipungua usiku ule. Na baadaye, alipoona wanataka kumrudisha Yerusalemu kwa wauaji wake, Paulo huyo huyo akasema, “Nataka rufani kwa Kaisari.”

Wenzako wa maombi watakujibu kwa 1 Wakorintho 6, na ni haki walete sura hiyo. Pale Paulo anawakemea ndugu wanaoburutana mahakamani mbele ya wasioamini. Lakini anataka nini badala yake? Anauliza kama hakuna hata mtu mmoja mwenye hekima kati yao awezaye kukata maneno ya ndugu zake. Yaani anataka kanisa lenyewe liamue kwa haki. Kwa hiyo waulize wazee wa usharika: mmeshamwita shemeji yangu mkamhoji? Mmeshafika shambani mkaona mashimo ya masale yalipong’olewa? Kama hawajafanya hivyo, hawawezi kukuzuia kwa sura ambayo wao wenyewe hawajaitii. Isitoshe, vitisho vya kuua si daawa ya ndugu wawili kuhusu mbuzi.

Ipo sehemu moja katika sura hiyo ambayo siwezi kuiruka. Paulo anauliza, mbona si afadhali kudhulumiwa? Wapo Wakristo waliochagua njia hiyo, wakaacha mali na kuondoka na amani yao, nami nawaheshimu. Ungekuwa peke yako ningekuambia hata hilo ni mlango halali mbele za Mungu. Ila hatua zile kumi na tano za migomba si zako peke yako. Ni za watoto watatu ambao hawajaulizwa. Mtu anaweza kusamehe deni lake. Deni la yatima hana mamlaka ya kulisamehe. Mithali 23:10-11 inasema juu ya alama ya mpaka kama vile mwandishi alipita shambani kwako: “Usiiondoe alama ya mipaka ya zamani, wala usiingie katika mashamba ya yatima. Maana Mkombozi wao ni hodari. Atawatetea juu yako.” Neno hilo Mkombozi, katika Kiebrania, ni lile linalotumika kwa ndugu wa karibu mwenye wajibu wa kukomboa ardhi ya ukoo isipotee, kama Boazi alivyofanya kwa Naomi na Ruthu. Shemeji yako ndiye aliyepaswa kuwa mkombozi wa watoto wa kaka yake. Ameiacha nafasi hiyo wazi, na andiko linasema Mungu mwenyewe amesimama ndani yake.

Twende kwenye Zaburi ya 109, ambayo nadhani ndiyo inayokunyima usingizi kuliko panga.

Kwanza nikuondolee hofu: hujatenda dhambi kwa kumwambia Mungu ukweli wa moyo wako. Zaburi hizi za kulia dhidi ya waovu, ya 35, ya 58, ya 69, ya 109 na nyingine, zimewekwa ndani ya kitabu cha sala cha watu wa Mungu ili mtu aliyeonewa apate pa kuipeleka hasira yake. Hasira isiyopelekwa kwa Mungu hutafuta pa kwenda, na mara nyingi huishia kwa watoto, kwenye sumu ya panya, au kwa mganga. Mtunga zaburi anayeomba adui yake apigwe, mikono yake mwenyewe haina fimbo. Ameikabidhi.

Sasa tazama zaburi yenyewe kwa karibu. Ni zaburi ya mahakamani. Katika mstari wa 6 mshitaki anasimama mkono wa kuume wa mtu, tayari kumwangamiza. Mistari inayofuata, ile mikali unayoisoma usiku, wasomaji wa Kiebrania wamebishana nayo kwa muda mrefu: wengine wanasema ni laana za Daudi juu ya adui zake, wengine wanasema ni maneno ambayo adui zake walikuwa wakimsemea yeye, naye anayarudia mbele za Mungu kama mtu anayesoma barua ya vitisho aliyopokea. Mimi naelekea kwenye ile tafsiri ya kwanza, lakini ya pili si ya kupuuzwa, hasa kwako uliyeitwa mchawi. Kisha mstari wa mwisho, wa 31, unasema Mungu atasimama mkono wa kuume wa mhitaji. Nafasi ile ile! Zaburi inaanza na mshitaki amesimama pale, inaisha na Mungu amesimama pale. Ukiisoma usiku, usilale bila kufika mstari wa 31.

Kuna mambo mawili nataka uyaangalie. Mstari wa 9 unasema, “Wanawe na wawe yatima, na mkewe na awe mjane.” Dada yangu, neno mjane wengi wetu tunalisoma tu, wewe unalijua kwa ndani, kuanzia siku uliyovalishwa nguo nyeusi. Shemeji yako ana mke. Yawezekana mlichuma majani ya ng’ombe pamoja. Ukifika mstari huo, simama, mwone yule mama na watoto wake, kisha mwambie Mungu kwa maneno yako unachotaka hasa. Sidhani unataka mjane wa pili kwenye kihamba cha pili. Unataka masale yarudi, unataka kulala, unataka watoto wasome. Omba hayo kwa majina yake.

La pili linahusu namna ya kuomba. Zaburi si dawa. Nimeona watu wakifundishwa kuisoma ya 109 usiku wa manane mara saba, kwa chumvi au maji au picha ya mtu, ili “imrudie”. Hayo ni uganga uliovalishwa joho. Ukiomba unamwachia Hakimu faili. Ukifanya yale unajaribu kumshika Hakimu mkono akuandikie hukumu unayoitaka. Kama umefundishwa lolote la namna hiyo, liache, wala usijihukumu kwa kuwa ulidanganywa ukiwa na hofu.

Na kumwombea adui je? Yesu hakusema tumwombee afanikiwe katika uovu wake. Jambo jema kuliko yote unaloweza kumwombea mtu mwenye panga ni azuiwe kabla hajamwaga damu. Abigaili alimtokea Daudi njiani akiwa na watu wake, panga viunoni, akamzuia asiende kumwua mumewe Nabali. Na Daudi, hasira ilipopoa, alimbariki kwa kumzuia na kumwaga damu. Taarifa yako polisi inaweza kuwa ndiyo rehema kubwa kuliko zote ambazo shemeji yako atapata mwaka huu.

Hapa watu wengi huchanganya kisasi na haki, na ndiyo maana “Mkristo hashtaki” inasikika kama utakatifu. Warumi 12:19 inasema: “Wapenzi, msijilipize kisasi, bali ipisheni ghadhabu ya Mungu, maana imeandikwa, Kisasi ni juu yangu mimi, mimi nitalipa, anena Bwana.” Mgawanyo wa sura uliwekwa karne nyingi baada ya Paulo, kwa hiyo soma moja kwa moja hadi 13:4. Pale mwenye mamlaka anaitwa mtumishi wa Mungu, anayemlipiza mtenda mabaya. Katika Kigiriki mzizi wa neno la kisasi katika sehemu hizo mbili ni mmoja, na ndio ule ule anaoutumia mjane wa Luka 18 anapomwambia kadhi, nipatie haki na adui wangu. Mungu anakukataza kushika panga lako mwenyewe, na katika pumzi hiyo hiyo anakuonyesha kiti ambacho amekiweka kwa ajili ya kazi hiyo. Najua utaniambia kituoni huenda ukaombwa hela ya mafuta ya gari. Kadhi wa Luka 18 naye hakumcha Mungu wala kujali watu. Mjane aliendelea kumwendea.

Nije kwenye lile jani.

Wasomaji wasiotoka Uchagani huenda wasielewe uzito wake, kwa hiyo nieleze kidogo. Sale ni mmea wa majani marefu ya kijani. Wachaga huupanda kuonyesha mpaka wa kihamba. Na jani la mmea huo huo ndilo linalobebwa na mtu anayekwenda kuomba msamaha au suluhu, na kulikataa ni jambo zito sana. Wazee waliuona mpaka na upatanisho katika mmea mmoja, na mimi kila nikipita kati ya vihamba naona walikuwa na akili nyingi. Anayeng’oa masale usiku na kuleta jani mchana ameuvunja mmea vipande viwili.

Kwa hiyo usilikatae. Lipokee mbele ya wazee, wawepo na watu wa usharika, na useme hivi: Nimelipokea jani, na mbele za Mungu simtakii shemeji yangu mabaya. Sasa twende wote tukayarudishe yale mengine yalipokuwa. Usiongeze neno. Kama msamaha ni wa kweli, watanyanyuka na majembe. Kama si wa kweli, kila mtu aliyepo atakuwa ameona, na hutakuwa wewe uliyekataa jani. Makubaliano yaandikwe, yawekwe saini, mtendaji wa kijiji awepo na nakala moja ubaki nayo. Kutaka yarudishwe si ugumu wa moyo. Torati iliagiza aliyedhulumu arudishe kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano, na Zakayo alipookoka alitaja mara nne bila kuulizwa.

Na vitisho, je? Ukisha kusamehe, ufute taarifa ya polisi? Tazama Daudi na Sauli katika 1 Samweli 26. Sauli amelala, mkuki wake umechomekwa ardhini kichwani pake. Daudi anauchukua na kuondoka bila kumgusa. Daudi anapoita kutoka mbali, Sauli anakiri: nimekosa, rudi mwanangu Daudi, sitakudhuru tena. Daudi anamjibu kutoka ng’ambo, juu ya kilima: huu hapa mkuki wa mfalme, mmoja wa vijana avuke aje autwae. Hakumpelekea mwenyewe. Sura inaisha Daudi akienda zake na Sauli akirudi mahali pake. Amesamehe kiasi cha kumwachia uhai mara mbili, na bado hakurudi kuishi mahali mkuki ulipo. Kusamehe ni uamuzi wako leo. Kumwamini mtu tena ni jambo analolijenga yeye kwa matendo, na linaweza kuchukua miaka. Taarifa ibaki pale ilipo hadi uone mwenendo.

Upande wa sheria nitapita kwa haraka, maana hapo unahitaji mtu wa kukaa naye na makaratasi. Neno la kwanza nitakalokuuliza ni mirathi: imefunguliwa? Miaka miwili bila msimamizi wa mirathi ni tundu ambalo wengi hupitia. Nenda mahakamani na cheti cha kifo, cheti cha ndoa na muhtasari wa kikao cha familia. Kama ukoo umegoma kukaa, nenda hivyo hivyo umweleze hakimu. Cheti cha ndoa ya kanisani na barua ya usharika vitunze sana, kwa sababu mahakama huangalia marehemu aliishi maisha ya namna gani inapoamua ni sheria ipi itumike. Hilo ni muhimu kwako: kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 hazimpi mjane urithi wake mwenyewe, humwachia atunzwe na watoto wake. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Kuhusu mpaka, anzia baraza la ardhi la kijiji. Baraza la kata, tangu mabadiliko ya 2021, linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Suluhu ikishindikana shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Msaada wa kisheria bila malipo upo, uliwekewa sheria yake mwaka 2017. Ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya itakuelekeza kwa wasaidizi wa kisheria walio karibu nawe.

Usiende ukiwa umeinamisha kichwa kana kwamba unafanya jambo jipya. Binti watano wa Selofehadi walisimama mlangoni pa hema la kukutania, mbele ya Musa na mkutano wote, wakadai ardhi ya baba yao. Mungu hakuwauliza imani yao iko wapi. Alisema, “Hao binti za Selofehadi wanena sawa.” Na hapa kwetu, Holaria Pastory wa Kagera alipouza shamba alilorithi kwa baba yake na mtoto wa ndugu yake akampinga kwa mila ya ukoo, shauri lilipanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume.

Limebaki swali lako la mwisho, kama Mungu anakuokoa au anakujaribu. Hapa sitakudanganya. Matendo 12 inaanza na Herode akimwua Yakobo kwa upanga. Katika sura hiyo hiyo malaika anamtoa Petro gerezani. Kanisa lilikuwa moja, Mungu mmoja, na hakuna mahali tunaambiwa kwamba Yakobo aliomba vibaya. Nabothi alikataa kuuza shamba la mizabibu la baba zake, akapigwa mawe. Eliya alifika Nabothi akiwa amekwisha kufa. Wale vijana watatu mbele ya tanuru walisema Mungu wetu aweza kutuokoa, kisha wakaongeza, “Bali kama si hivyo.” Kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba utashinda shauri, au kwamba shemeji yako atabadilika. Anayekuahidi hivyo kwa siku 21 za kufunga anakuuzia kitu ambacho Mungu hajamtuma kukiuza, na likishindikana atakuambia imani yako ilikuwa ndogo.

Ninachoweza kukuonyesha ni Paulo yule yule, sasa mzee, kifungoni, akijua kabisa kwamba wakati wa kufariki kwake umefika. Katika 2 Timotheo 4 anaandika kuhusu Aleksanda mfua shaba aliyemtendea mabaya mengi. Anasema mambo mawili mfululizo: Bwana atamlipa, na, wewe nawe ujihadhari na huyo. Kisasi amekiachia Mungu, na onyo amempa Timotheo. Mistari michache mbele anaandika: “Bwana ataniokoa na kila neno baya, na kunihifadhi hata nifike ufalme wake wa mbinguni.” Aliyeandika ataniokoa alijua hatoki humo akiwa hai. Wokovu anaousema ni mpana kuliko kutoka gerezani: kwamba uovu hautamgeuza kuwa kitu kingine, wala hautamtoa mkononi mwa Bwana. Hilo nakuhakikishia kwa maandiko. Shemeji yako anaweza kukuondolea hatua kumi na tano za migomba. Hawezi kukufanya uwe kama yeye usipokubali, na zile usiku unazolia ukiogopa kuwa umetenda dhambi zinaniambia hujakubali.

Kama usingizi umekukimbia kwa majuma sasa, kama huli hata baada ya mfungo, au ukijikuta unawaza kufa au kumdhuru yeye, nenda hospitali umweleze daktari wazi wazi. Huzuni ya mjane ikikaa muda mrefu pamoja na hofu huushinda mwili, na kutibiwa si kumwacha Mungu.

Kuhusu mfungo, umetosha. Siku ya kwenda kituoni na barazani kunywa uji kabla hujatoka, maana foleni ni ndefu na utahitaji kusema kwa mpangilio. Kisha wapelekee wenzako wa kikundi, wanaokupenda na waliokuombea kwa moyo wote, ombi kutoka kwangu. Waambie mchungaji ameomba wagawane zamu: wawili wawili walale kwako kila usiku, na wawili wakusindikize kwenye baraza, wakae nawe kwenye benchi. Wabebe na Biblia, na daftari la kuandikia tarehe.